Jina la Mwenye Akaunti

Renae Karvonen alishika kitasa cha mlango wa ofisi ya Garth Trevarrow, akakiachia, akakishika tena. Nyuma yake mama mkwe wake alikuwa akikung'uta theluji kwenye viatu, huku akipumua kwa kishindo kama mtu aliyepanda ngazi nyingi.

"Fungua, basi, tutaganda hapa nje," Bi Lempi alisema. "Au leo umesahau jinsi ya kuingia humu? Mji mzima unasema njia hii unaijua hata ukifumba macho."

Renae alifungua.

Kweli aliijua. Mwaka jana, majira kama haya ya watu kukimbizana na kodi, alikuja kujaziwa ritani yake, fomu ya kodi ya mwaka, kama kila mtu. Wiki iliyofuata alirudi kuuliza swali alilodai amelisahau. Mara ya tatu hakuwa na swali lolote, na Garth hakumuuliza amefuata nini. Walinywa kahawa mpaka ikapoa, wakazungumza habari za mambo madogo madogo, na Renae alipotoka nje aligundua kwamba amecheka. Alikuwa hajacheka namna ile tangu Arvid, mumewe, azame ziwani. Msimu wa majani kupukutika Garth alimwomba wafunge ndoa, naye akakubali kabla mwanaume wa watu hajamaliza sentensi.

Furaha yao ilidumu mpaka siku walipomweleza Bi Lempi.

Mama yule hakupiga kelele. Aliwamiminia kahawa, akakata mkate wa iliki, kisha akaketi na kumtazama Renae peke yake, kana kwamba kiti alichokalia Garth kilikuwa kitupu. "Nimeuza kambi yetu ya ziwani, nyumba na kiwanja chake," alisema. "Watu wa Chicago wameinunua kwa bei nzuri. Pesa yote nataka iwe ya mjukuu wangu Kaisa, asome chuo mpaka achoke mwenyewe. Lakini siweki hata senti moja kwa mtoto ambaye mama yake ameolewa na huyu. Huyu alikwenda na mwanangu kwenye barafu ya ziwa, akarudi peke yake. Chagua, Renae."

Na Renae alichagua. Mshahara wa mapokezi kwa daktari wa meno ulitosha kodi ya nyumba, gesi ya kupashia joto na petroli. Chuo haukukifikia hata kwa ndoto. Na Kaisa, mtoto wake wa pekee, alikuwa na akili za kutisha. Kila Jumamosi alikuwa kwenye zahanati ya mifugo akimsaidia daktari kushika ndama, akirudi ananuka zizi na macho yanamng'aa. Udaktari wa mifugo si masomo ya mwaka mmoja wala miwili. Kwa hiyo Renae alijifungia bafuni, akafungulia maji ili binti yake asisikie, akampigia Garth simu. "Siwezi, Garth. Nisamehe." Alikata kabla hajasikia sauti yake, maana angeisikia asingeweza.

Sasa Bi Lempi alikuwa ameamua kwamba akaunti hiyo ya akiba ya chuo ifunguliwe katika ofisi hii hii. Renae alimwomba, alimsihi, waende hata mji wa jirani. "Kuna nani mwingine anayejua mambo ya kodi karibu hapa?" mama mkwe alijibu. "Na tena nataka asikie kwa masikio yake."

Bernadine, karani wa Garth, mama mnene mwenye miwani ya mnyororo, aliinuka haraka alipowaona.

"Karibuni, wapenzi. Kahawa?"

"Tumefuata kazi," alisema Bi Lempi.

"Kahawa haizuii kazi."

"Kwangu inazuia."

Mlango wa ndani ukafunguka. Garth alisimama pale na tai iliyolegea, ndevu za siku kadhaa, mashavu yameingia ndani. Macho yao yakagongana. Renae aliyainamisha yake upesi, lakini alishaona. Mwanaume huyu alikuwa hapati usingizi, hali chakula, na alikuwa bado anampenda.

"Bi Karvonen," Garth alisema. "Renae. Piteni."

Walikaa, wanawake wawili upande huu wa meza, yeye upande ule nyuma ya kompyuta. Ukuta kati yao na Bernadine ulikuwa wa mbao nyembamba. Kila akikohoa walimsikia.

"Nataka mpango wa akiba ya chuo kwa ajili ya Kaisa," Bi Lempi alianza. "Ule ambao serikali haigusi faida."

"Iko miwili kwenye jimbo letu," Garth alisema. Sauti yake ilikuwa ya kazi, kavu, lakini Renae aliona jinsi alivyoibana kalamu. "Wa kwanza, unalipia masomo ya mbele kwa bei ya leo. Ada ikipanda, wewe haikuhusu tena. Umetengenezwa kwa vyuo vya humu jimboni. Wa pili, pesa inawekezwa, inakua bila kukatwa kodi, na anaweza kuitumia chuo chochote nchini. Ila soko likishuka, nayo inashuka."

"Na nafuu yangu ya kodi?"

"Kwa yote miwili utaipata, kwa kiwango kilichowekwa."

"Basi wa kwanza. Mimi na soko la hisa hatujuani."

"Kaisa anataka udaktari wa mifugo," Garth alisema taratibu. "Nafasi za jimbo letu ni chache. Akizikosa atakwenda Wisconsin au Minnesota. Mimi kwake ningechagua wa pili, na ningeweka fungu lisilo na hatari nyingi, kwa kuwa miaka iliyobaki ni michache."

Renae aliinua uso. Garth alikuwa akizungumza habari za mtoto wake kama baba anayepanga usiku kucha. Mwanaume ameachwa kwa simu, hajapewa hata nafasi ya kujibu, na bado anahangaika mtoto asije akakwama Wisconsin.

"Haya, huo huo," alisema Bi Lempi. "Andika."

Garth aliandika. Jina la mtoto. Tarehe ya kuzaliwa, ambayo hakumuuliza mtu. Kisha vidole vyake vikasimama.

"Mwenye akaunti ni nani?"

"Mimi. Pesa si yangu?"

"Ni wajibu wangu niwaeleze nyote wawili maana yake."

"Eleza. Hakuna anayekuziba mdomo."

Garth alimgeukia Renae, na kwa mara ya kwanza tangu waketi alimtazama bila kujificha. "Mwenye akaunti ndiye mwenye pesa. Jina la Kaisa litakaa pale kama mtu anayekusudiwa kufaidika, basi. Mwenye akaunti anaweza kuliondoa siku yoyote na kuweka jina la mtu mwingine wa ukoo. Hatozwi faini. Haombi ruhusa kwa mtu."

"Hata Kaisa akiwa ameshaanza chuo?" Renae aliuliza.

"Hata akiwa katikati ya mwaka wa pili."

Upande wa pili Bernadine aliacha kukohoa.

"Nina wajukuu wengine kule Duluth," alisema Bi Lempi, akipangusa kitu kisichokuwepo kwenye sketi yake. "Nao wana vichwa vizuri."

Renae alimgeukia. "Mama. Hukuniambia hivyo."

"Hukuniuliza."

"Nimemwacha, Mama. Mtazame, huyo hapo! Nimemwacha kwa simu kama mtu asiye na adabu, kwa sababu yako. Unataka nini zaidi? Weka akaunti kwa jina langu. Wewe changia tu, nafuu yako uipate, lakini mwenyewe niwe mimi, mama yake."

"Leo umemwacha. Kesho je? Nikishaandika jina lako, keshokutwa nitasikia kengele za kanisa."

"Kwa hiyo utanishikia pesa hii kichwani mpaka lini?"

"Mpaka nife," alisema Bi Lempi, wala hakupandisha sauti.

Garth aliweka kalamu chini. "Weka sahihi, Renae."

"Nini?"

"Weka sahihi. Ritani zikiisha mwezi wa nne nafunga ofisi. Kaka yangu ana nafasi ya kazi kwake Green Bay, kule Wisconsin. Nikiwa sipo, Bi Karvonen hatakuwa na sababu ya kubadilisha jina. Kaisa atasoma amalize." Alijaribu kutabasamu, midomo ikamkatalia. "Nilikuwa nimeshaamua. Usidhani ni wewe unayenifukuza."

"Muongo mkubwa we," Renae alinong'ona.

"Ndiyo. Lakini weka."

Alisukuma karatasi mpaka mbele yake, mahali pa ridhaa ya mzazi. Mkono wake ulipita karibu na wa Renae, karibu sana, bila kuugusa, na joto lake likampanda mwanamke wa watu mpaka shingoni. Akataka kuupigia kelele mkono ule: nikamate, niambie nisikubali, pigana! Lakini Garth alikuwa ameshaurudisha.

Renae akachukua kalamu. Machozi yalikuwa yanadondokea karatasini na hakujali. Alijiambia ni kwa ajili ya Kaisa. Alijiambia wanawake wengi wameishi bila kupendwa na hawakufa. Akaweka ncha ya kalamu juu ya mstari.

"Hapo sawa," Bi Lempi alisema, akashusha pumzi. "Na hilo la mifugo tutaliongea vizuri na mtoto. Chuo kiko hapa jirani, atasomea mahesabu, jioni anarudi nyumbani kula. Pesa yangu haimpeleki mtu ng'ambo ya daraja, mbali na nyumbani."

Kalamu ikasimama.

Renae alimtazama mama mkwe wake kana kwamba ndiyo kwanza wanakutana. Alikuwa amekubali kuukata moyo wake vipande na kuuweka mezani, na kumbe havikutosha. Baada ya mama alifuata mtoto. Kaisa angekaa kwenye kiti cha jikoni kwa Bi Lempi, Jumapili baada ya Jumapili, akiogopa kusema anachokitaka, na ndama wangeshikwa na watu wengine.

"Hapana," alisema.

"Hapana nini?"

"Siweki sahihi, Mama. Pesa yako ipeleke Duluth."

"Renae!" Garth aliinuka nusu.

"Wewe nyamaza kwanza. Mama, nilikuwa tayari kukupa maisha yangu mimi. Ya Kaisa siwezi kukupa, si yangu."

Uso wa Bi Lempi ulikuwa mwekundu, kisha ukapauka. "Nilijua," alisema, na sasa sauti ilianza kutetemeka. "Nilijua mtaniacha. Mtaoana, mtahamia huko Wisconsin, mtoto atakwenda chuo, na mimi nitabaki nasikiliza saa ya ukutani. Mume wangu kaburini. Mwanangu hata kaburi lake halina kitu ndani, ziwa halikumrudisha. Nyie ndio mlikuwa mmebaki. Ningewashika na nini kingine? Na nini?"

"Ungeniambia unaogopa," Renae alisema huku analia. "Ungeniambia tu hivyo, Mama. Ningekuelewa."

Lakini bibi yule alishaokota mkoba wake. Mlango ukabamizwa mpaka cheti cha Garth ukutani kikakaa upande.

Garth alizunguka meza mbio. "Mfuate! Renae, mfuate, mwombe radhi, mwambie ulipandwa na hasira!"

"Sikupandwa na kitu."

"Unajua umekitupa nini? Umetupa elimu ya mtoto. Kwa ajili ya nani? Mimi? Nilishamkosesha Kaisa baba, leo nimkoseshe na chuo? Nitamtazama vipi usoni? Hapana. Mimi humo simo. Usiniweke kwenye mizani hiyo."

"Kwa hiyo na wewe unaniacha."

"Nakuacha."

Lilikuwa neno moja tu. Kwa muda wa dakika chache alikuwa amepoteza pesa, mama mkwe, na mwanaume aliyempenda kuliko alivyowahi kumwambia. Alitazama dirishani. Theluji ilikuwa ikianguka kwa uvivu juu ya barabara isiyo na mtu. Alikaa hivyo mpaka kilio kikakauka chenyewe. Kisha akafuta uso kwa kiganja, akasogeza kiti.

"Nifungulie akaunti."

"Ipi?"

"Hiyo hiyo ya pili. Kwa ajili ya Kaisa. Mwenye akaunti, mimi. Nitaweka dola hamsini kila mwezi."

"Renae, kwa muda uliobaki hamsini hazifiki popote."

"Zitafika zitakapofika. Kinachobaki atatafuta ufadhili, atakopa, atasafisha mazizi. Lakini hakuna atakayeamka asubuhi na kulifuta jina lake. Wewe si unafanya kazi hii? Mimi ni mteja. Andika."

Garth alirudi kwenye kiti chake kama mzee. Aliandika. Renae alitaja anwani yake, namba zake, kila alichoulizwa, na kila jibu lilikuwa kama hatua ya kumwelekeza mlangoni. Ikiisha hii, hakutakuwa na sababu nyingine ya kukaa mbele ya mtu huyu.

"La mwisho," Garth alisema, macho kwenye kompyuta. "Mrithi wa akaunti. Ukifariki kabla Kaisa hajamaliza, usimamizi uende kwa nani? Si lazima ujibu leo. Wengi huandika dada, au..."

"Andika Garth Trevarrow."

Vidole vikaganda juu ya vitufe.

"Usinifanyie hivyo."

"Umeniuliza nani atakayemwangalia mwanangu mimi nikiwa sipo. Nimekujibu. Herufi zake unazijua."

"Renae, hujui!" Alipiga meza, na sauti ikampasuka. "Sijawahi kumwambia mtu. Waliponiuliza nilisema alizama, basi. Hakuzama hivi hivi. Nilikuwa nimemshika. Nilikuwa nimelala kifudifudi nimemshika mkono, anatazama macho yangu, ananiambia usiniachie. Sikumwachia, lakini akateleza. Glavu ikabaki mkononi mwangu, yeye akaenda. Mtu aliyeshindwa kuushika mkono wa baba, ndiye unayempa kilicho cha mtoto akishike?"

Renae alizunguka meza. Akauchukua mkono wake wa kushoto, ule ambao vidole viwili vilikomea kwenye kiungo cha kwanza, kwa kuwa madaktari walilazimika kukata palipoharibiwa na baridi. Akauweka shavuni kwake.

"Waliokuja kukuokoa waliniambia walikukuta bado mkono wako umo ndani ya maji," alisema. "Umelala hapo unapapasa. Walikubandua kwa nguvu, na wewe unawatukana. Mimi namtafuta mtu wa namna hiyo, Garth, asiyeondoa mkono. Sasa andika jina lako, kabla sijakutukana na mimi."

Garth alilia. Alilia kwa sauti mbaya, bila kuficha uso, na Renae alimshika kichwa akakibana tumboni kwake, naye akalia juu ya nywele zake.

Ndipo waliposikia mlango ukifunguka.

Bi Lempi alikuwa amesimama kizingitini, koti limefungwa mpaka shingoni. Nyuma yake Bernadine alikuwa ameziba mdomo kwa mikono miwili. Bibi hakuwa ameondoka. Alikuwa ameketi kwenye benchi la wageni muda wote, na ukuta ule ulikuwa wa mbao nyembamba.

Hakumtazama Renae. Alimtazama Garth, na kwa mara ya kwanza tangu Arvid azame, miaka sita iliyopita, hakumtazama kama kiti kitupu.

"Aliniita?" aliuliza.

Garth alijifuta uso. "Bi Karvonen..."

"Jibu. Mwanangu aliniita?"

"Ndiyo. Aliita *äiti*." Lilikuwa neno lao la nyumbani, Kifini cha wazee, mama. "Alinena hilo mwishoni kabisa. Kisha akaenda."

Bi Lempi aliyumba. Bernadine akamdaka kiwiko.

"Miaka yote hii. Kwa nini hukuja kuniambia?" Bi Lempi aliuliza.

"Nilikuja. Siku ya mazishi, na siku zilizofuata. Ulinifungia mlango."

"Ndiyo," alisema bibi. "Nilifunga."

Akabaki ameinama, akiifungua na kuifunga mikono yake, kana kwamba anatafuta kilichokuwa ndani yake. Hatimaye akainua kichwa.

"Renae. Nirudishe nyumbani. Mikono hii leo haiwezi usukani. Kuhusu pesa sijasema kitu."

"Sijauliza, Mama."

Renae alivaa koti, akampa mkono wake, na mama yule akauegemea kwa uzito wake wote. Walipofika mlangoni Garth aliinuka, meza ikiwa kati yao, macho mekundu, amesimama kama mtu asiyejua kama anaruhusiwa kuwa na tumaini.

"Utarudi?" aliuliza kwa sauti ndogo.

Renae aligeuka. Alimtazama kwa muda, tai yake iliyolegea, ndevu zake, uso wake wote uliolowa.

"Malizia kuandika jina lako, Garth," alisema. "Nitaenda wapi tena?"